Ishara Aliyoichagua Hiram

Gambuti la kushoto lilibaki matopeni, na mguu wa Hiram ukatoka peke yake, umevaa soksi ya Jumapili. Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya kinamasi, mzee mzima wa kanisa, akitazama shimo likijifunga polepole. Alijaribu kulichokoa gambuti kwa fimbo. Fimbo nayo ikanaswa. Akaiachia kabla haijaondoka na yeye.

"Vizuri sana," akajiambia. "Endelea kuwa mjanja."

Maana ujanja ndio uliomleta huku. Kesho, baada ya ibada, familia ya kijana mmoja, Kipkemoi, ingefika kwake Molo kuchukua jibu: je, anakubali binti yake Wariara aolewe, au hakubali? Kipkemoi hakuwa na kasoro. Hiram alikuwa ameitafuta kwa bidii, akaambulia kijana anayeosha vikombe bila kutumwa. Kilichomsumbua ni kwamba wao walikuwa Wakalenjin na yeye Mkikuyu, na mwaka ule wa vurugu za uchaguzi, makabila hayo yalipopigana, alilala hemani Nakuru pamoja na watoto wake, Wariara akiwa bado darasa la pili. Hiram aliogopa, basi. Siasa zikichacha tena, nani kule kwa wakwe atamfungulia mtoto wake mlango?

Lakini kusema "hapana" kwa mdomo wake kungemfanya aonekane mkabila, naye ndiye anayehubiri upendo kanisani. Kwa hiyo alitangaza nyumbani kwamba anapanda mlimani kumwomba Mungu ishara. Mkewe alilitazama tumbo la mumewe, akautazama mlima, akaenda kumletea magambuti.

Ishara yenyewe Hiram aliichagua mwenyewe. "Bwana," aliomba huku akifunga vifungo vya koti, "nikikuta mtu kule kileleni, nitajua unaitaka ndoa hii. Nisipokuta mtu, basi." Halafu akachagua mlima ambao hata kondoo hawaupandi msimu wa mvua, mahali pa nyasi za vishungi, matope na ukungu. Alijiona amemweka Mungu pabaya kidogo, lakini kwa heshima.

Alipokuwa akiuacha msitu alimpita mama mmoja aliyekuwa akichunga kondoo.

"Hata wewe, mzee?" mama yule aliuliza, akimkagua kuanzia kofia hadi magambuti. "Kwani leo kuna nini? Huko juu ni matope tu, utaumia bure."

Hiram alidhani anachekwa kwa sababu ya tumbo. Akampungia mkono, akaongeza mwendo kama kijana, na alipohakikisha haonekani tena akaketi juu ya jiwe kutafuta pumzi.

Sasa alitoka kinamasini akichechemea. Mbele kidogo akaona nyayo za gambuti, zimejaa maji, zikielekea juu. Moyo ukamruka. Akainama, akazitazama kwa jicho la mtu anayejua anachotaka kuona, akaamua kwamba ni zake mwenyewe. Bila shaka tangu atoke kinamasini alikuwa amezunguka bila kujua. Kwamba zilikuwa nyayo za magambuti mawili, na yeye amebaki na gambuti moja, hakutaka kulifikiria sana.

Mteremko wa mwisho aliupanda kwa mikono na magoti, akishika nyasi na kuziomba radhi kila zilipong'ooka. Aliteleza, akashuka kwa makalio karibu hadi alipoanzia, akaanza upya. Mtu angemwona angedhani mzee huyu ana shauku kubwa na kilele.

Hatimaye akafika. Palikuwa na nguzo ya saruji ya wapima ardhi, upepo na ukungu. Hapakuwa na mtu.

Hiram akainua mikono kushukuru. Shukrani haikutoka. Alimwona Wariara akilipokea jibu hilo kesho mbele ya wageni, akiitikia "sawa, baba" kwa ile sauti yake ndogo, kisha akiendelea kumimina chai. Akaishusha mikono. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa mchungu kuliko alivyotarajia.

Ndipo akasikia mtu akikohoa nyuma ya nguzo.

"Baba," sauti nzito iliomba, kwa Kiswahili cha mkutano wa injili, "unanijua mimi Kipsang, sipendi kukusumbua. Nimekaa hapa tangu asubuhi na mgongo unaniuma. Nilikuambia, ukinitumia mtu, hata mmoja tu, nitakubali kijana wangu Kipkemoi aoe huyu msichana wa Hiram. Sasa ona mwenyewe. Hakuna mtu. Si mimi nimekataa, Baba. Msichana ni mzuri, hata chai yake ni tamu. Lakini watu wakianza tena kupigana, na kijana wangu yuko huko kwa wakwe, nani atamfungulia mlango?"

Hiram aliganda. Lilikuwa swali lake mwenyewe, limetoka mdomo mwingine, na lilimchoma. Alimwonea huruma yule mzee, akajionea aibu. Lakini aibu haikuushinda ule woga. Akaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, akiubembeleza kila unyasi usipige kelele. Ukungu ulikuwa mzito. Angeshuka bila kuonekana, na kesho wazee wawili wangekutana sebuleni, kila mmoja akimsingizia Mungu.

"Kwa hivyo mapenzi yako yatimizwe," Kipsang akamaliza, "kwa jina la Yesu."

Tangu abatizwe, Hiram hakuwahi kuliacha jina hilo lipite bila kuitikiwa.

"Amina!" akasema, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma.