Tembe au Pora

Mke wa mwanawe alimweka kuku mapajani mwa mzee, kisu kingali mkononi.

"Baba, mume wangu kashikilia kwamba huyu ni pora, jogoo tu, tumchinje leo. Mimi nasema ni tembe, atataga. Hebu tuamulie."

"Mwanangu, unamuuliza kipofu?"

Tangu macho yazimike, miezi mitano iliyopita, fundi cherehani huyo alikuwa hashiki kitu ila kijiko.

"Sikuulizi macho, Baba. Nauliza vidole."

Mzee alimshika kuku kwa mikono miwili. Kisha akapapasa kishungi. Kilikuwa kidogo bado, hakikumwambia lolote. Akashuka shingoni, akapitisha unyoya mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, kama anayekagua pindo la gauni la harusi. Pora wa miezi minne angekuwa ameanza kuota manyoya yaliyochongoka. Haya yalikuwa ya mviringo nchani, yote.

"Rudisha kisu jikoni," alisema. "Huyu ni binti. Mwambie mumeo leo ale mboga."

Mkwewe akaangua kicheko, akamnyanyua kuku wake. Mzee alibaki akisuguanisha vidole.

"Mwanangu," aliita, "cherehani yangu mmeiweka wapi?"