Tundu la Kidole

Noriyuki alikuwa akifunga tai, kama kila asubuhi, mkono wake uliposita. Mwali wa jua ulikuwa umepenya mlango wa karatasi na kutua kwenye bakuli lake la supu.

Tundu jingine. La kidole.

"Baba!"

Mzee Tokuji, aliyekuwa mkekani akipuliza chai, hakugeuka. "Kidole kiliniwasha, mwanangu."

"Una miaka themanini, si minane!"

"Tofauti ni sifuri tu."

Noriyuki hakucheka. Mlango ulibandikwa karatasi mpya kabla ya Mwaka Mpya, na sasa umejaa viraka vyenye umbo la maua. Leo karatasi, kesho atasahau jiko la gesi linawaka.

"Gari la nyumba ya wazee linakuja sasa hivi," alisema. "Jaribu kukaa kidogo tu, Baba, uone."

"Haya," mzee alisema. Chai ikamwagika kidogo mkononi mwake.

Sanae, mkewe Noriyuki, alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya mlango. Alikunja kipande cha karatasi, akakikata kwa mkasi mdogo, akakikunjua. Ua la mplamu. Akachovya brashi kwenye gundi ya mchele. Mabega yake yakalegea, pumzi ikashuka.

"Sanae! Soksi za kijivu ziko wapi? Umempigia dada yangu? Mwavuli je?"

"Mwache, wewe!" mzee akadakia. "Gundi ikikauka, ua halishiki."

Hilo hata Noriyuki alilijua; akaacha kumwita mkewe. Akaizunguka meza. Akatazama saa, akachungulia barabarani, akatazama saa tena. Akafungua begi la baba yake, akahesabu upya nguo alizokwisha kuzihesabu.

Honi ikalia nje.

Mzee akajiinua kwa kushika ukuta. Alipompita mkwewe akainama. "Ziba polepole, mwanangu. Usiharakishwe na mtu."

"Twende, Baba, wanasubiri! Sanae, lete viatu vyake! Sanae!"

Sanae hakuinuka. Ua lilikuwa bado kwenye ncha za vidole vyake, gundi ikianza kukauka.

"Baba haendi popote," alisema. "Matundu natoboa mimi, Noriyuki. Nikiwa naziba, ndipo unaponiacha nipumue."