Gari ya Libère Haiwashwi Ovyo

Mstari wa magari kwenye kituo cha mafuta ulisogea, na Libère akakataa tena kuwasha gari. Alishuka, akashika usukani kupitia dirishani, akawaita wa nyuma waje kusukuma.

"Muzee, utatuua," alisema Jovithe, mwenye teksi, bega lake likiwa tayari kwenye buti. "Washa basi!"

"Niwashe ya nini? Kuwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, ndiyo inakula moteri. Nyinyi munaendesha. Mi ninatunza. Na moteri yangu haijawahi kuniacha njiani, hata siku moja."

Wakasukuma. Carina nyeupe ikateleza nyepesi kama mkokoteni mtupu.

Esansi ilikuwa imeadimika Bujumbura yote, na aliyekuja kituoni na bidoni ya kutilia mafuta alifukuzwa kama mwizi. Mafuta yalitiwa ndani ya gari tu. "Siku hizi gari ni bidoni yenye matairi," Jovithe alisema, na watu wakacheka kicheko cha waliokosa chai.

Libère alikuwa ametoka Kinanira alfajiri, akiiachia gari ijiteremkie mlima wote bila kuiwasha. Mlima, alisema, ni esansi ya Mungu. Na kupanda je? "Kupanda ni maneno ya jioni."

Wapo wanaume wenye wake wawili. Yeye alioa mke na Carina. Mke alifia hospitalini mwaka jana, na siku ya kumzika, Libère hakuitoa gari. Alikwenda kwa miguu nyuma ya jeneza mpaka makaburini, huku Carina imebaki uani inang'aa. Watu wakasema anaiogopea vumbi. Shemeji yake Lisette hajamsalimu tangu siku ile, na nani atamlaumu?

Nyuma yake kwenye mstari alikuwa Danielle, mwalimu wa shule ya msingi, naye na Carina, ila yake ya kijani, imekwaruzwa pande zote. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa amelala mama yake, miguu imevimba. Siku hiyo hospitali ilikuwa inamngoja kwenye mashine ya kusafisha damu. Mara ya mwisho walipoikosa, mama alikesha akizungumza na marehemu, tena kwa majina.

"Hizi gari mpya," Libère alikuwa anamwambia Danielle, akionyesha jipi nyeusi iliyopita, "uso wa simba, roho ya plastiki. Taa ikiungua, unabomoa uso mzima. Fundi anakuja na kompyuta kama mutu anakuja kukuandikisha kura. Carina, fundi anakuja na spana mbili na sigara."

"Mbona yako imeinua pua hivyo?"

Kweli, gari ya Libère ilisimama mbele juu, kama mbuzi anayenusa mvua.

"Ni resori, zile springi za chini, bado ziko na nguvu. Zako zimechoka, mama. Washa kidogo nisikie."

Danielle hakutaka kupoteza hata tone, lakini mzee alikuwa ameshainama. Akawasha. Libère akafumba macho, kiganja juu ya kapo, kifuniko cha moteri, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Asubuhi inakohoa mara mbili, halafu inatulia. Usiikanyage ikiwa baridi. Na uipe oili nzito, nyepesi haiipendi."

"Yoo! Umejuaje? Moteri ya kwanza iliungua. Fundi wa Mutakura ndiye aliniwekea hii, imetumika kwa mwingine."

"Alikuwekea nzuri," Libère alisema. "Zima sasa. Unaimaliza."

Jua likapanda. Carina nyeupe ikasukumwa mpaka kwenye pompi, ikajazwa tangi. Kisha pompi ikatoa hewa. Mhudumu akatundika bomba lake mahali pake.

"Imeisha. Rudini nyumbani."

Danielle alitazama mshale wa mafuta ndani ya gari yake. Ulikuwa umelala chini kabisa, kama mama.

"Muzee," akasema polepole, "basi tubebe. Hospitali si mbali. Umesema mwenyewe gari yako haiachi mutu njiani."

"Apana."

"Nakuomba kama mutoto wako."

"Apana, mama. Hii haibebi mutu."

"Anaenda kuuza, huyu!" Jovithe alipiga kelele watu wote wasikie. "Anaenda kuinyonya esansi atuuzie kwa kificho! Alimunyima gari mke wake mwenyewe, akiwa ndani ya jeneza. Leo atamupa mama ya nani?"

Libère alitazama viatu vyake.

Danielle hakungoja ruhusa. Aliingia ndani ya Carina nyeupe, akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Hata mlio mdogo hakuna.

"Umekata waya, we mutu mubaya!" Akavuta kishikio cha kapo, akatoka, akaiinua kwa mikono miwili.

Chini yake, mahali pa moteri, aliona lami. Lami tu, na mpira mrefu wa kunyonyea mafuta, umekunjwa vizuri kama nyoka aliyeshiba.

Libère akauchukua ule mpira. Ncha moja akaiingiza kwenye tangi lake, akanyonya, akatema, nyingine akaitia kwenye tangi la Danielle.

"Ikikohoa mara mbili usiogope," alisema, kiganja kimerudi juu ya kapo ya kijani. "Hii moteri niliiuza ili mke wangu apate kitanda hospitalini. We angalau ufike."