Bangili ya Kijani

Felista alipiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani. Bangili ya serikali mkononi mwake ilikuwa imegeuka kijani, na sheria haikuwa na mzaha: haandamani mtu mpaka bangili yake ithibitishe kwamba moyoni hana hasira. Siku arobaini alikuwa amefunga na kusali, ili kesho aandamane kumdai mwanawe Elisante, aliyefungwa bila kesi.

Wifi yake Ndeshi alifika akihema. Bangili yake bado ilikuwa nyekundu kama pilipili.

"Wifi, umefanyaje?"

"Nimewasamehe wote. Moyo mweupe, wifi yangu," alisema Felista, akicheza huku anapiga pasi kitenge cha maandamano.

Ndeshi alimpa mfuko. "Gerezani wamerudisha shati la Elisante."

Felista alilikunjua. Mgongoni damu ilikuwa imekauka kwa mistari ya kiboko. Ndeshi aliangua kilio. Felista aliitazama bangili haraka, akihofia isije ikageuka.

Haikugeuka. Alilikumbatia shati, akanusa jasho la mwanawe, akasali tena, safari hii akiomba wekundu kidogo tu. Bangili iliendelea kung'aa kijani.