Sentensi Tatu za Marietha

"Na hao mbuzi wanakula nini?" Zefania aliuliza, darasa zima likaangua kicheko.

Ubaoni Mwalimu Hosea alikuwa ameandika maneno mawili tu, *Goats eat*, akadai hiyo ni sentensi kamili.

"Ina mtendaji, ina kitenzi, ina nukta. Imekwisha."

"Haijaisha, Mwalimu," Zefania alibisha. "Kwetu Issuna mbuzi akila, lazima ijulikane shamba la nani."

Darasa lenyewe lilikuwa ghala tupu la kiwanda cha alizeti. Serikali ilikuwa imekiuza, na mnunuzi akabandika tangazo: kila mfanyakazi atapimwa kuandika sentensi kamili za Kiingereza. Tangazo halikusema aliyefeli atafanywa nini. Hilo watu walijimalizia wenyewe.

Marietha hakucheka. Alikuwa mjane, miaka kumi na saba kwenye mashine ya kukamua, na watoto wanne waliokula kwa mashine hiyo. Jioni, akisonga ugali wa mtama, midomo ilikwenda na mwiko: mtendaji, kitenzi, nukta.

Siku ya mtihani Mwalimu aliandika sentensi tatu ndefu zenye mapengo, na vitenzi vitatu pembeni.

"Kila kitenzi kiende kwenye pengo lake. Nakilini yote, mwandiko safi. Chini wekeni jina kamili, sahihi na tarehe."

"Mwalimu, maneno haya mbona hatujayasoma?" Marietha aliuliza.

"Hatupimi maana, Marietha. Tunapima ukamilifu." Alisema hivyo akitazama dirishani.

Marietha aliandika hadi vidole vikamuuma. Zefania aliukodolea ubao macho, akakuna kichwa, akarudisha karatasi nyeupe pe.

"Mbuzi wangu wamelala njaa," alisema. Safari hii watu walicheka kwa huruma.

Ijumaa majina yakasomwa. Marietha alikuwa wa kwanza: zote tatu, bila kosa.

Jumatatu alifika langoni na kitenge kipya. Zefania alikuwa ametangulia, amekuja kuchukua koleo lake aondoke. Paulo, mlinzi mgeni aliyemaliza kidato cha nne, alishika orodha.

"Shikamoo, mzee Zefania. Pita, tanuru linakusubiri."

Zefania aliduwaa, kisha akapita upesi, kabla kijana hajabadili mawazo.

Marietha akafuata. Paulo akashusha kizuizi.

"Wewe hapana, mama."

"Hapana nini? Mimi nimefaulu! Huyo uliyempitisha hakuandika hata herufi!"

"Najua, mama." Alitoa karatasi kwenye faili. "Mwandiko huu ni wako?"

"Wangu. Na sahihi yangu hiyo hapo. Hebu soma, uone kama kuna kosa."

Paulo alikohoa, akamsomea kwa Kiswahili, polepole:

"Ninaacha kazi kwa hiari yangu. Sina dai lolote kwa kiwanda. Sikulazimishwa na mtu yeyote."