Minne, Si Mitatu

"Lete hiyo chupa," Mkurugenzi alisema. "Tone lisibaki."

Msumari hakusogea. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa maabara kwa sababu akishaingia kwenye jambo hang'oki. Alisimama mbele ya jiko la mvuke, lile la kuulia vijidudu, ameikumbatia chupa ya maji ya kijani kwa mikono miwili. Wenzake walijipanga ukutani, kila mmoja akitazama viatu vyake.

Miaka mitatu alikuwa amewalea sianobakteria wake, tangu siku alipowakwangua kwenye jiwe la chemchemi ya moto. Ni viumbe wadogo mno, lakini walikuwa wakila mwanga wa jua zamani sana, kabla jani la kwanza halijachipua duniani. Wanaunasa kwa vijitambo vya protini. Mkurugenzi alijijengea jina kubwa kwa kufundisha kwamba mitambo hiyo, kwa viumbe hao, hushikana mitatu mitatu, basi. Msumari alipoiweka mitambo ya sianobakteria wake chini ya hadubini kubwa, aliikuta imeshikana minne minne. Kwake hilo lilikuwa daraja, hatua mojawapo ya safari ndefu iliyotuletea majani.

Kwa Mkurugenzi ulikuwa uchafu. Alikwisha kuamuru akiba yote iliyokuwa kwenye friza iteketezwe. Ikabaki chupa moja.

"Njoo uchungulie mwenyewe," Msumari alimwambia. "Ukikuta ni mitatu, nitawachemsha huku nikiimba."

"Sina muda wa kuchungulia uchafu."

"Au unaogopa kuhesabu hadi nne?"

Mtu mmoja ukutani alikohoa ili asicheke. Mkurugenzi alivimba, kisha akalainisha sauti, na ulaini huo ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Sikiliza, binti. Sema mbele ya wenzako kwamba ulichanganya sampuli. Sema ni mitatu. Kazi yako utabaki nayo, na chupa hiyo nitakuachia."

Msumari aliiangalia chupa, akawaangalia wenzake, akainua kidevu.

"Ni minne."

"Nakupa nafasi ya mwisho."

"Minne. Ukinifukuza ni minne, ukinipandisha cheo ni minne. Mimi si mwenye kuipanga."

Mkurugenzi alimpokonya chupa. Aliitumbukiza jikoni yeye mwenyewe, akafunga mlango wa chuma na kubonyeza kitufe. Jiko likaanza kunguruma. Msumari akatia mikono mifukoni.

Mvuke wa kwanza ulipopenya, fundi wa maabara, mzee mwenye pua kali, alinusa mara mbili.

"Mbona kunanukia kama jikoni kwangu?"

"Ndivyo wanavyonukia wakichemka," Msumari alisema upesi.

Wote wakamgeukia Mkurugenzi, maana yeye ndiye bingwa wa viumbe hao.

"Ndivyo," alisema bingwa. "Ndivyo kabisa."

Fundi alimshika Msumari bega. "Pole, mwanangu."

"Usinipe pole, mzee wangu. Hapa hakuna msiba."

"Na kesho usije," Mkurugenzi aliongeza, akinyoosha mkono kuuelekea mlango.

Msumari alivua koti lake jeupe, akalitundika kwenye mkono huo huo ulionyooka, akatoka bila kugeuka nyuma. Huko nyuma mtu alicheka, na safari hii hakujisumbua kukohoa.

Njiani alitembea haraka kama anayewahi zamu. Maabara nyingine zilikuwapo, na hadubini nyingine, na watu wanaojua kuhesabu. Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Aliingia chumbani, akasogeza pazia ili mwanga uingie vizuri, akainama dirishani. Ndani ya chupa kubwa, katika maji ya kijani, vipovu vilikuwa vikipanda kimoja kimoja.

Mlango wa uani ukabamizwa. Shangazi yake, mwenye nyumba hiyo, aliingia na kikapu kitupu.

"Wewe mtoto! Nani kaninyolea mboga zangu? Kitalu kizima hakina jani!"

"Mkurugenzi kazichemsha, shangazi," Msumari alisema. "Tena kwa mkono wake mwenyewe."