Mshika Koti

Haskamp aliliachia koti.

Aliliachia kwa ustadi, kidole kimoja kimoja, huku amekunja uso kama mtu anayevuta kwa nguvu zote. Katika chuo hiki kidogo cha Iowa, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kama msaidizi wa kocha wa mpira wa kikapu: Kocha Dettmer akipandwa na mori, yeye amshike koti kwa nyuma asiingie uwanjani kugombana na mwamuzi.

Safari hii Dettmer aliingia mzimamzima.

"We mwamuzi, macho umeyaacha nyumbani? Wanamuua kijana wangu hapo!"

Alikuwa ameshaadhibiwa mara moja. Mwamuzi akapuliza filimbi, akamwonyesha mlango.

"Ameniponyoka jamani!" Haskamp alilalamika, nusura atoe machozi.

Ukweli ni kwamba nyuma ya benchi lao alikaa Tranter, mkurugenzi wa michezo wa chuo kikubwa cha Ohio kilichokuwa kikitafuta kocha mkuu. Haskamp alikuwa ameiomba nafasi hiyo. Mtu hakati theluji yote ile kwa ajili ya kuja kula bisi.

Na aliitaka kufa na kupona. Alianza kwa kubeba mipira, akapanda hadi kukata video za mechi, kisha akazunguka majimbo akibembeleza akina mama wa vijana warefu wamkabidhi watoto wao. Chuo hiki, chuo kile, daima msaidizi. Asubuhi ile mkewe alikuwa amemwekea mayai mezani na neno juu yake.

"Rollie mpenzi, mimi sihami tena nikiwa mke wa msaidizi. Ukihama hivyo, unahama peke yako."

Jolene hakuwa akitania.

Sasa timu ilikuwa yake. Akapanga ulinzi upya, akamwinua mlengaji aliyekuwa akisugua benchi msimu mzima, wakashinda kwa pointi moja. Ukumbi ukalipuka.

Tranter akashuka, akampa mkono.

"Hongera, Kocha. Umeng'ara kweli. Nisubiri hapa kidogo."

Haskamp akamtazama Jolene jukwaani, akamwinulia dole gumba. Jolene akamrushia busu, la kwanza tangu Krismasi.

Baada ya kitambo mlango wa chumba cha kubadilishia nguo ukafunguka. Tranter akatoka amemkumbatia Dettmer begani.

"Kocha wetu aliyeondoka kule Ohio alikuwa mpole mno, vijana wakaonewa mwaka mzima," Tranter alisema. "Nimekuja kumwangalia huyu, na leo amenimaliza kabisa! Mtu anayefukuzwa uwanjani kwa kuwatetea vijana wake!"

Dettmer akampiga Haskamp kofi la mgongo.

"Unadhani ningekusahau, bwana wee? Nimewaambia bila msaidizi wangu siendi. Na rais wa chuo chetu hapa nimeshampigia simu, tumeacha kazi sote wawili. Mkimbilie Jolene, mwambie aanze kufungasha!"